Kupunguza Uzito kwa Afya: Tafuta Sababu, Kisha Tafuta Mwenzako

Kurasa za elimu ya afya katika jarida hili huandikwa kwa kuwauliza wataalamu wetu na kuwaletea wananchi majibu yao. Somo la toleo hili linahusu uzito wa mwili, nami naomba radhi kwamba nitalianza kwa habari zangu mwenyewe, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha swali ambalo nilikuwa sijui kuliuliza.

Mwaka jana, katika siku ya upimaji wa afya iliyofanyika kwenye viwanja vya makao makuu ya Halmashauri, nilifika na kamera begani kutafuta habari na picha. Nilipomaliza kumpiga picha muuguzi akimpima mzee mmoja shinikizo la damu, muuguzi yule alinigeukia akasema, "Na wewe mwandishi, keti hapa. Wenzako wote wamekwisha pima." Niliketi kwa aibu kidogo. Mizani ilionesha kilo 84, na urefu wangu ni mita 1.62. Shinikizo la damu lilikuwa 146 kwa 94. Alinipumzisha dakika tano akapima tena, likabaki palepale.

Nina umri wa miaka 35. Marehemu baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 58, na upande wake wa kulia haukupata nguvu tena hadi alipofariki. Muuguzi hakunitisha wala kunikemea. Aliniandikia kwenye kadi tarehe ya kurudi zahanati, kisha akaniuliza, "Nyumbani nani atakusaidia?" Nilidhani ananitania. Nilimjibu kwamba uzito ni wangu na nitaupunguza mwenyewe. Miezi miwili iliyofuata ilinionesha kwamba sikuwa nimelielewa swali.

Hoja ya somo hili ni kwamba watu wengi hawashindwi kupunguza uzito kwa kukosa ujuzi wa chakula. Hushindwa kwa sababu huanza bila sababu iliyo wazi na huendelea bila mtu wa kuwashika mkono. Tutaona namna ya kupata vyote viwili, na mahali huduma zilipo karibu nawe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Zamani tulizoea kudhani kwamba uzito uliozidi ni tatizo la matajiri wa mijini. Takwimu za Taifa zinasema vinginevyo. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2010 ulionesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 22 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 idadi ilifikia 28. Utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliohusisha watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu na takriban tisa kati ya 100 wana kisukari.

Uzito uliozidi huongeza uwezekano wa kupata maradhi hayo mawili, pamoja na kiharusi, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na baadhi ya saratani. Mengi kati ya hayo huja kimya. Mtu mwenye shinikizo la juu anaweza kulima, kucheka na kucheza ngoma harusini bila kuhisi lolote, kama nilivyokuwa mimi siku ile nikiwa na kamera yangu.

Jipime kabla ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kujua ulipo. Wataalamu hutumia uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano wangu, 1.62 mara 1.62 ni 2.62, na 84 ikigawanywa kwa 2.62 jibu ni 32. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, uwiano wa 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida kwa mtu mzima, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, nao una hatari zake.

Kipimo cha pili ni mzunguko wa kiuno, ambacho unaweza kukichukua nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Simama wima, pumua nje kwa kawaida, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Hatari huanza kuongezeka mwanamke anapozidi sentimita 80 na mwanaume anapozidi sentimita 94. Kiuno hupimwa kwa sababu mafuta yanayojikusanya tumboni, yaani kitambi, yana madhara makubwa kwa moyo na sukari ya damu kuliko yale ya mapaja na makalio.

Vipimo hivi havimhusu mama mjamzito, na watoto wana vipimo vyao kwenye kadi ya kliniki. Aidha, usiondoke zahanati bila kupima shinikizo la damu, na umuulize mtoa huduma kama unahitaji kupima sukari.

Tafuta sababu iliyo yako

Ukimwuliza mtu kwa nini anataka kupungua, mara nyingi atajibu kwamba watu wanamcheka, au nguo zimembana, au ana harusi mwezi ujao. Sababu za namna hiyo huwasha moto wa mabua: huwaka kwa kishindo na kuzimika mapema. Harusi ikipita, sababu nayo imepita. Kejeli ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtu anayetahayari hujificha, huacha kwenda kupima, na wengine hula kwa siri ili kujifariji.

Sababu inayodumu huhusu maisha unayoyataka, na inaweza kuelezwa kwa picha moja. Bibi atasema, "Nataka kupanda kilima cha shambani bila kupumzika mara tatu." Dereva wa bodaboda atasema, "Nataka mgongo uache kuniuma ili nifanye kazi hadi watoto wamalize shule." Mimi niliandika kwenye jalada la daftari langu: "Nataka kutimiza miaka 58 nikiwa natumia mikono yote miwili." Siku ambazo miguu ilikuwa mizito, niliisoma sentensi hiyo na kufunga kamba za raba.

Baada ya sababu, weka lengo dogo linaloweza kufikiwa. Huhitaji kurudi kwenye uzito uliokuwa nao ukiwa kidato cha nne. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako kunatosha kwa watu wengi kuboresha shinikizo la damu na sukari. Kwa mtu wa kilo 84, asilimia 5 ni kilo nne na kidogo tu. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na wengi wetu huenda polepole zaidi ya hapo bila kosa lolote. Mwenda pole hajikwai.

Maneno yanayovunja moyo

Hapa ndipo penye ugumu ambao vitabu vingi vya lishe vilivyoandikwa ng'ambo havioni. Katika jamii yetu kunenepa ni sifa. Mtu akirudi kutoka masomoni ameongezeka kilo kumi, huambiwa, "Umependeza! Maisha yamekukubali." Mke akinenepa, mume husifiwa kwamba anamtunza. Kitambi cha mwanaume huitwa dalili ya fedha. Kinyume chake, mtu akipungua huulizwa kwa sauti ya chini kama yuko salama. Tunakumbuka miaka ambayo kukonda kulikuwa tangazo la UKIMWI katika macho ya majirani, na kumbukumbu hiyo haijafutika.

Mwezi wa nne wa safari yangu, nilipokuwa nimepungua kilo nne, nilikwenda kijijini kumsalimia mama. Baada ya shikamoo na marahaba alinitazama muda mrefu, akanishika mkono na kunipeleka nyuma ya nyumba, mbali na watu. "Mwanangu," akasema, "kama unaumwa, niambie mimi kabla hawajaniambia wengine." Jirani alikuwa ameniona sokoni na kumuuliza kwa nini nimekonda. Mama hakulala usiku ule.

Nakiri kwamba jioni hiyo, ili kumpa amani, nilikula sahani mbili za wali na kuomba ya tatu. Mtu anaweza kustahimili kejeli za wabaya wake. Kinachomshinda ni hofu ya wanaompenda. Niliporudi mjini nilielewa kwamba nilikuwa nimekosea jambo moja: sikuwa nimemwambia mama chochote. Nilimpigia simu, nikamweleza habari za shinikizo langu la damu na kadi ya zahanati. Akanyamaza, kisha akasema, "Kama la baba yako?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, kama la baba." Tangu siku hiyo, nikifika nyumbani, yeye ndiye anayewazuia shangazi zangu wasiniongezee chakula.

Kwa hiyo watangulie kwa habari. Waambie wazazi, mwenzi wako na majirani wa karibu kwamba umeamua kupunguza uzito kwa ushauri wa mtoa huduma, na kwa nini. Andaa jibu fupi kwa wengine: "Sijambo kabisa, namshukuru Mungu. Natunza presha yangu." Anayeuliza kwa wema ataridhika, na anayeuliza kwa umbea atakosa pa kushika.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Mtu anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa, jasho la usiku, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, asishangilie. Hizo zinaweza kuwa dalili za kifua kikuu, kisukari au maradhi mengine yanayotibika. Aende kituo cha kutolea huduma za afya mapema.

Wasaidizi wanne

Msemo wa wazee kwamba kidole kimoja hakivunji chawa umethibitishwa na sayansi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani kwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini, jingine vidonge visivyo na dawa, na la tatu lilisaidiwa kubadili mwenendo: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Baada ya wastani wa karibu miaka mitatu, kisukari kilipungua kwa asilimia 31 katika kundi la dawa, na kwa asilimia 58 katika kundi la kubadili mwenendo, vikilinganishwa na kundi la vidonge visivyo na dawa.

Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni jinsi watu wa kundi la tatu walivyosaidiwa. Kila mmoja alikuwa na mshauri wake. Walipewa masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo, wakafundishwa kuandika walichokula na dakika walizotembea, kisha wakaendelea kufuatiliwa. Hata kwa msaada huo, ni nusu yao tu waliofikia lengo la asilimia 7 kufikia mwisho wa masomo. Ikiwa wenye mshauri walipata taabu, mtu aliye peke yake asijione mdhaifu. Atafute msaada. Kwa mazingira yetu, wasaidizi ni wanne.

*Wa kwanza ni anayeshika mwiko.* Mwezi wangu wa kwanza nilijipikia kabichi ya kuchemsha huku familia ikila pilau mezani palepale. Nilivumilia wiki tatu, kisha nikala pilau kwa siku tatu mfululizo kama mtu aliyefunguliwa kutoka kifungoni. Tulipokaa kama familia tuligundua kwamba hakuna haja ya masufuria mawili. Mume wangu alikubali, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye aliyetoa wazo bora: mafuta yasimiminwe tena moja kwa moja kutoka kwenye dumu, yapimwe kwa kijiko cha chakula. Lita iliyokuwa ikiisha kwa siku tano sasa hufika siku kumi. Watoto hawajalalamika, na fedha iliyobaki inanunua matunda.

*Wa pili ni mwenzako wa njia.* Tafuta mtu mmoja mnayekutana naye karibu kila siku. Mwenzangu ni mtumishi wa idara nyingine ambaye nyumba yake iko upande wa kwangu. Siku tatu kwa wiki tunarudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa dakika 40. Jioni ambazo natamani bodaboda, namkuta ameshavaa raba ananisubiri getini, na nashindwa kumwacha. Naye amenieleza kwamba kuna siku huvaa raba kwa kuniogopa mimi.

*Wa tatu ni kikundi.* Wilaya yetu ina vikundi vingi vinavyokutana tayari: vikoba, kwaya, vikundi vya wakulima, timu za wazee wa mpira, na vijana wa mbio za pole wanaoziita jogingi. Huna haja ya kuanzisha kikundi kipya. Pendekeza katika kikundi chako mambo matatu: maji na matunda badala ya soda kwenye kikao, matembezi ya nusu saa kabla ya kuanza, na mizani ya pamoja mara moja kwa mwezi kwa anayependa. Matokeo ya mizani yawe siri ya mhusika. Anayetangaziwa kilo zake mbele ya watu hatarudi mwezi ujao. Itakumbukwa pia kwamba mwezi Desemba 2016 Serikali iliwahimiza wananchi kuitumia Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi ya pamoja. Siku hiyo inaweza kufufuliwa katika kila kata.

*Wa nne ni mtoa huduma za afya.* Kazi yake ni kupima, kushauri na kufuatilia. Rudi kwake hata mwezi ambao hukupungua, kwa sababu huo ndio mwezi unaomhitaji zaidi.

Sahani na miguu

Chakula cha kwetu kinatosha kumpunguzia mtu uzito bila vyakula vya gharama. Njia rahisi ni kuigawa sahani kwa macho: nusu iwe mboga za majani kama mchicha, matembele, kisamvu au majani ya maboga, robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi, na robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Wengi wetu tumezoea kinyume chake, ugali ukiwa mlima na mboga zikiwa kijito pembeni. Tunda lifuate chakula. Kwa maelezo zaidi upo Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji uliotolewa mwaka 2023, ambao Afisa Lishe anaweza kukufafanulia.

Maadui wanaopita bila kuonekana ni wawili. Wa kwanza ni sukari ya kunywa. Soda moja ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vyema zaidi mtu mzima asizidi takriban vijiko sita kwa siku nzima. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe cha chai na kunywa vikombe viwili amekwisha vimaliza kabla ya jua kuwa kali. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Wa pili ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina nishati ya takriban kilokalori 120, na maandazi, chapati, sambusa na chipsi huyanywa kama sifongo. Kwa wanaotumia pombe, chupa ya bia ya mililita 500 inakaribia kilokalori 200, na mara nyingi haiji bila nyama choma.

Kuhusu miguu, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Kipimo cha mwendo wa wastani ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mkulima wakati wa palizi anazipita dakika hizo bila saa. Tatizo lake huja baada ya mavuno, mwili unapopumzika huku sahani ikibaki ya msimu wa jembe. Fundi cherehani, mwenye duka, dereva na mtumishi wa ofisini wao hukaa mwaka mzima. Kwa mazoezi ya misuli, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kutumia mikono, ukirudia mara tatu, ni mwanzo mzuri na hauhitaji kiingilio.

Mtu mwenye maradhi ya moyo, au anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu anapotembea, amwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia dawa za kisukari asipunguze chakula ghafla bila ushauri, maana sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Mama mjamzito au anayenyonyesha afuate maelekezo ya kliniki.

Uzito unapogoma

Mwezi wa tano mizani yangu ilisimama kwenye kilo 79, ikakaa hapo wiki saba. Nilikuwa nakula vilevile na kutembea vilevile. Afisa Lishe alinieleza kwamba mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ule mzito, kama gari lililopunguziwa mzigo, na pia huongeza hisia ya njaa ukitaka kurudi ulikotoka. Hiyo ni kazi ya maumbile, haina uhusiano na uvivu.

Yafanyike mambo matatu wakati huo. Kwanza, fungua daftari uandike kila unachokula kwa siku saba, pamoja na kashata iliyotolewa na mwenzako ofisini. Mimi niligundua karanga za kila alasiri. Pili, ongeza dakika chache za kutembea. Tatu, angalia vipimo vingine. Katika wiki zile saba kiuno changu kilipungua sentimita mbili na shinikizo la damu liliendelea kushuka, ingawa mizani ilikuwa kimya.

Na ukianguka, iwe kwa sababu ya sikukuu, msiba wa siku tatu au mwezi wa safari, usisubiri Jumatatu wala mwaka mpya. Mlo unaofuata unatosha kuwa mwanzo.

Jihadhari na njia za mkato

Katika mwezi wa pili, kabla sijarudi zahanati, nilinunua kwa shilingi 25,000 pakiti ya majani ya chai niliyoahidiwa kwamba yangekausha tumbo kwa siku kumi. Niliharisha siku nne, nikapungua kilo mbili, nikafurahi. Wiki iliyofuata zilirudi zote. Nilichopoteza kilikuwa maji. Dawa za kuharisha na za kuongeza mkojo haziyeyushi mafuta ya mwili. Huondoa maji na madini ambayo moyo na figo huyahitaji, na kwa mwenye shinikizo la damu madhara yanaweza kuwa makubwa.

Zipo dawa za kweli za kusaidia kupunguza uzito, na upo upasuaji kwa watu wachache wenye uhitaji maalumu, lakini uamuzi huo ni wa daktari baada ya uchunguzi. Dawa yoyote unayouziwa barabarani, kwenye basi au kwa ujumbe wa simu, uliza kwanza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuzaji akikwepa swali hilo, ameshakujibu.

Mahali pa kuanzia

Anzia kwenye zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata. Omba kupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu, na uandikiwe tarehe ya kurudi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chako anaweza kukuelekeza. Mwenye shinikizo la juu au kisukari atapewa rufaa ya kliniki inayomfaa. Kwa ushauri wa chakula, ulizia Afisa Lishe kupitia kituo chako au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Vikundi vinavyotaka kuanzisha mazoezi ya pamoja vionane na Afisa Mtendaji wa Kata, ambaye ataviunganisha na maafisa wa Michezo na Maendeleo ya Jamii.

Wiki iliyopita nilirudi zahanati kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yangu. Ni mwezi wa tisa sasa. Mizani ilisoma kilo 77.5 na shinikizo la damu 128 kwa 82. Bado nimo katika kundi la uzito uliozidi, na bado narudi mwezi ujao. Muuguzi aliponiuliza tena nani ananisaidia nyumbani, nilianza kuhesabu kwa vidole, akacheka akasema niandike makala.

Zoezi la wiki hii kwa familia

1. Kila mtu mzima nyumbani apime kiuno chake na kukiandika. Je, kimezidi kipimo kilichotajwa katika somo hili?
2. Andika kwa sentensi moja sababu yako ya kutaka uzito wenye afya. Je, sababu hiyo itakuwepo mwaka mmoja ujao?
3. Hesabuni pamoja: lita moja ya mafuta na kilo moja ya sukari huisha baada ya siku ngapi nyumbani kwenu?
4. Taja mtu mmoja utakayetembea naye, na mtu mmoja utakayemweleza nia yako kabla hajasikia kwa wengine.
5. Yuko nani katika familia au mtaa wako anayejaribu kupunguza uzito? Mara ya mwisho ulipomwona, ulimwambia nini?

Kikundi kitakachoanza utaratibu huu kinakaribishwa kuleta taarifa katika Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, makao makuu ya Halmashauri, ili tuifikishe kwa wananchi wengine katika matoleo yajayo.